Mikono Miwili kwenye Usukani

Nilishindwa mtihani wa udereva mara mbili, na mara zote kwa kosa lile lile: kuondoa mkono kwenye usukani bila sababu ya kiusalama. Mtahini ni kaka wa mke wangu. Mji wetu una mtahini mmoja tu, kwa hiyo hilo halikuepukika, na wanaodhani undugu ulinisaidia hawamjui shemeji yangu.

"Sababu ilikuwepo," nilimwambia mara ya pili. "Fundi saa alinisalimia."

"Kwa hiyo?"

"Nikaitikia."

"Kwa mdomo huwezi?"

"Vioo vilikuwa vimefungwa."

"Shemeji, fundi saa angekufa?" Akaandika alichoandika. "Rudi ukajifunze. Na dada yangu nisalimie, lakini nenda kwa miguu."

Mji wenyewe una barabara kuu moja. Inaanzia stendi, inapita benki, soko na shule, halafu inaishia darajani. Safari yoyote hapa, hata ya kununua sindano, lazima ipite sehemu ya barabara hiyo, na aliyeko upande huu anamjua aliyeko upande ule. Nilipohamia kutoka jijini, ambako nilikaa ghorofa moja na jirani nisiyeijua sura yake, niliona salamu zote hizi ni kupoteza muda. Mimi ni mtaalamu wa maabara, napima maji ya bomba, na jambo lisilopimika hunipa shida. Lakini mwili una akili zake. Baada ya miaka michache mkono wangu ukawa unapanda wenyewe, kama kope inavyojifunga vumbi likija. Niliwahi kuipungia sanamu ya kuvalisha nguo kwenye dirisha la duka.

Faida yake niliiona pole pole. Homa iliponiangusha, aliyekuja kugonga mlango alikuwa muuza magazeti, kwa kuwa hakuniona nikipita asubuhi. Sisemi kwamba mji una upendo. Nasema mlango uligongwa.

Mtihani wa tatu haukuwa wa mzaha. Idara ya maji ilikuwa imejenga mtambo mpya wa kusafisha maji nje ya mji, na mkuu wa maabara ya huko alitakiwa kujiendesha mwenyewe kwa gari la idara. Nafasi hiyo ilikuwa yangu kwa sharti la leseni kabla mwezi haujaisha. Bila leseni angepewa mwingine, nami ningerudishwa makao makuu, jijini, maana maabara ya zamani ilikuwa inafungwa. Mke wangu ana duka la vitambaa hapa. Binti yetu yuko shule hapa. Sikutaka kuhama, na kizuizi pekee kilikuwa mkono usiosikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

"Ukishindwa tena," mke wangu alisema huku akikunja kitambaa alichokibana kwa kidevu, "tutakuwa tumehamishwa na salamu. Watu nitawaelezaje?"

"Waambie ni adabu iliyozidi."

"Adabu gani! Kaka anasema unapunga kama mgombea ubunge."

"Nifanyeje? Nisipoitikia, kesho utasikia sokoni kwamba nimeanza maringo kabla sijapata gari."

Aliweka kitambaa kwenye rafu. "Basi wasikusalimie."

"Utawazuia vipi?"

"Wewe shika usukani. Watu niachie mimi."

Sikuuliza zaidi. Neno likiingia duka la vitambaa asubuhi, hufika darajani kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya mtihani nilifunga mkanda, nikatazama vioo, nikaingia barabarani. Shemeji alikaa kando yangu, ubao wa kuandikia magotini. Mbele ya stendi, makondakta waliokuwa wakibishana walinyamaza, wakatupa migongo kwa pamoja kama waliofanya mazoezi. Kinyozi alitoka mlangoni, akaniona, akajifunika uso kwa taulo. Walinzi wa benki walikuwa wameukazia macho ukuta usio na kitu.

"Kuna msiba?" shemeji aliuliza.

"Sijui."

"Mbona mji mzima umenuna?"

"Niko kwenye mtihani. Siruhusiwi kuzungumza."

Tulipita mbele ya duka la mke wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na kisogo chake kimetuelekea sisi, na wateja wake watatu vivyo hivyo. Shemeji alivitazama visogo vyote vinne.

"Dada yangu huyu," alisema, "kazi anayo."

Mikono yangu miwili ilikuwa pale inapotakiwa kuwa. Lakini mke wangu alikuwa amewaambia wote isipokuwa mama yake, kwa kuwa mama yake alikuwa safarini na alitarajiwa kesho yake. Mama alirudi siku hiyo. Nilimwona mbele ya shule, begi miguuni, mwavuli mkononi, amezungukwa na walimu waliompa migongo. Akatuona. Akainua mwavuli.

Kumpita mama mkwe bila salamu ni jambo ambalo mtu hulifanya mara moja, kisha hulieleza maisha yake yote. Mkono wa kushoto ukaanza kulegea. Nikaubana. Kanuni, kama ilivyoandikwa, inakataza kuondoa mkono gari likiwa kwenye mwendo. Haisemi lolote kuhusu gari lililosimama.

Nikatazama kioo cha nyuma. Nikawasha taa ya kuashiria, nikapunguza mwendo, nikaegesha sambamba na ukingo wa barabara. Nikavuta breki ya mkono. Nikazima injini, nikashuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hawa wana nini? Nimesimama nasalimiana nao vizuri, mara ghafla wote wamenigeuzia mgongo. Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu, Mama. Ni mtihani wangu wa udereva."

"Wa kwako, halafu wanaogeuka ni wao?"

Aliinama akachungulia garini. "Na wewe umekaa tu? Mama yako ana begi, wewe una kalamu?"

Sijawahi kumwona shemeji akishuka garini upesi vile. "Shikamoo, Mama. Niko kazini."

"Kazi gani hiyo ya kukaa?"

Shemeji akaliinua begi akaliweka kiti cha nyuma, na Mama akalifuata humo humo.

"Mama, gari la mtihani halibebi abiria."

"Mimi si abiria. Nimekuzaa." Akafunga mlango.

Shemeji alibaki barabarani na ubao wake. Alitazama matairi ya mbele, akatazama ya nyuma, akachuchumaa kupima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na ukingo. Walimu walikuwa wamegeuka sasa, wote, na hakuna aliyejifanya hatazami.

"Ulitakiwa kuegesha darajani," alisema.

"Nimekosea?"

"Sijasema umekosea. Nimesema umewahi." Akaendelea kuandika. "Kioo umetazama. Taa umewasha. Umbali uko sawa. Njia nzima mikono miwili. Shemeji, nimetafuta pa kukukamata, sijapaona."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu. Turudi ofisini, na uende taratibu, umempakia mama yangu."

Njiani Mama alisema kutoka nyuma kwamba hata yeye angenifaulisha, ila mwendo wangu ni wa kobe.

Sasa naenda mtamboni kila asubuhi. Ramani inasema ni mwendo mfupi. Mimi naondoka nyumbani mapema zaidi ya inavyohitajika, kwa kuwa naegesha kwa muuza magazeti, naegesha kwa kinyozi, naegesha sokoni kama yupo mtu, na yupo siku zote. Breki za gari langu huisha upesi kuliko za magari mengine ya idara. Fundi wa gereji aliponiuliza sababu, nilimweleza kama ilivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akasema gereji yake nayo iko barabara kuu, na hajawahi kuniona nikisimama.

Kesho yake nilisimama.