Paka Aliyeshiba

Tanneken aliona jicho la samaki kwanza. Jana liling'aa, leo lilikuwa limetanda ukungu mweupe. Yule samoni alikuwa amelala siku ya tatu sasa juu ya meza ya Bwana Lieven, mchoraji, kati ya limau na chaza, na ni baridi ya mji wa Antwerpen tu iliyomzuia asioze. Leo alikuwa ameanza kunuka.

Picha ilikuwa imekwisha, bado paka tu. Bwana Lieven alitaka paka anayemtolea samaki macho ya uchu, ndiyo maana alimfungia katika chumba cha kuni siku zote tatu, akakataza asipewe hata tone la maziwa. Lakini kila jioni Tanneken, mtumishi wake, alipitisha mkate wake wa Kwaresima chini ya mlango, kipande kwa kipande, na paka akamramba vidole.

Sasa paka alipowekwa mezani alimnusa samoni, akapiga mwayo, akajikunja.

“Tazama!” Bwana Lieven alimsukuma kwa mpini wa brashi. “Tazama, mlaaniwa we!”

Geertken mpishi, aliyesimama mlangoni na beseni lake, akacheka. “Bwana, huyo ameshiba kuliko sisi sote. Mletee na mto wa kulalia kabisa.”

“Cheka tu. Kesho samaki huyu ni wa kutupwa mtoni, na pesa za mwingine sipati mpaka Pasaka.” Akamkamata paka shingoni. “Basi nitafanya kama kwa yule sungura. Niletee waya.”

Tanneken aliyajua ya sungura: alivunjwa shingo, akapitishwa waya mgongoni, akasimamishwa siku mbili kama mzima. Miezi minane katika nyumba ile, Tanneken hakuwa amemwambia Bwana neno zaidi ya “ndiyo”. Paka alikuwa akirusha mateke hewani.

“Ni mimi,” alisema. “Nimemlisha mimi. Usimuue, Bwana.”

“Umemlisha nini, mwizi wewe?”

“Mkate wangu. Sikuiba.”

“Wewe mtoto! Na wewe umekula nini siku zote hizi?” Geertken aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Macho ya Tanneken yalikwenda yenyewe mezani, pale samoni alipokatwa, kwenye nyama nyekundu.

Bwana Lieven akamwachia paka, naye akatokomea chini ya kabati.

“Usisogee,” Bwana alimnong'oneza Tanneken. “Hivyo hivyo. Usipepese.” Akanyakua brashi.

Tanneken alisimama mpaka mwanga wa dirishani ulipofifia, huku macho yake yakichorwa katika kichwa cha paka wa pichani. Geertken alileta kiti, akafukuzwa nacho.

“Tayari!” Bwana Lieven alipangusa mikono, akiitazama picha tu. “Haya, katupe samaki. Na huyo paka wako mchukue.”

Tanneken hakuondoka.

“Nini tena?”

“Nina njaa, Bwana.”