Lori Lisilo na Adabu

Lori la mume wangu lilikuwa baya. Nalisema hilo kwanza, ili mtu asije akadhani nililitetea kwa sababu lilinipendeza. Mimi ni mshonaji. Masista walinifundisha kupatanisha rangi kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge, na nakuhakikishia hakuna namna ya kuweka pembe za ng'ombe, manyoya ya mbuni na sahani za maua kwenye gari moja bila kuumiza macho ya watu.

Tulikuwa tunakaa Nyahanga, pale Kahama, mwaka hamsini na nne. Athanas, mume wangu, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na ujuzi mmoja tu, kuendesha lori. Akawaendeshea wengine miaka mingi, mwisho akapata lake, Bedford kuukuu lililokuwa la jeshi. Siku lilipofika nyumbani lilikuwa na rangi ya majani makavu. Nikalisifu. Nikasema, likioshwa hili litatupa heshima.

Haikupita wiki akaligongea pembe juu ya kebini, zile ndefu za ng'ombe wa Uzinza. Safari iliyofuata akaja na manyoya ya mbuni aliyopewa na wacheza ngoma, akayachomeka kwenye ncha za pembe. Kisha vioo vya kunyolea ndevu, akavipanga kwenye boneti, hata ukikutana naye jua limewaka unalazimika kugeuza uso. Magurudumu akayavalisha sahani za bati zenye maua ya waridi. Kwenye bampa akafunga kengele za baiskeli. Ubavuni akamchora chui kwa mkono wake mwenyewe, na yule chui alikuwa na sura ya shemeji yangu Gregory, mashavu na yote.

"Baba Serafina," nilimwambia, "watu wanatucheka."

"Waache wacheke. Wakicheka wanaliona."

Wanawake wa kwaya walikataa kulipanda kwenda sikukuu misheni. Walisema ni lori la mganga. Mimi nilipanda, kwa sababu ni langu, lakini niliketi chini kabisa kwenye kiti, kitambaa kimenifika kwenye nyusi.

Siku moja tu ndiyo alinieleza. Nilikuwa nimemshika kwa maneno, namuuliza kwa nini asiliache lilivyo kama lori la mtu mwenye akili. Akasema, "Burma kila asubuhi tulipanga malori mstari mmoja. Yote rangi moja. Ofisa anapita, anapitisha kidole. Mwenzetu mmoja alikuwa amechora jina la mama yake ndani ya mlango, dogo tu, mahali pasipoonekana. Walimfanya alikwangue kwa kucha. Hili ni langu, Mama Serafina. Nikitaka kulivika gauni nitalivika."

Nilimwelewa. Lakini lilibaki kuwa baya.

Wakati huo tulikuwa tunaishi kwa kazi ya mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita, ambao jina lake nitaliacha. Kila wiki Athanas alipakia mchele Kagongwa, akapitia Kharumwa, akaushusha kambini kwa wachimbaji. Meneja wa pale alikuwa Mzungu aliyeitwa Bwana Pitasoni, mtu aliyepaka chokaa hata mawe ya kando ya njia yake. Karani wake alikuwa Marcel, mtoto wa mama yangu mdogo.

Marcel ndiye aliyeleta habari. Alifika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, wageni wakubwa wanakuja mgodini. Wanatoka Dar es Salaam, wengine Ulaya. Bwana amesema malori yote yanayopita getini yawe safi, bila mapambo. Lako amelitaja kabisa."

"Amelitajaje?"

Marcel akanitazama mimi, akataka msaada. "Amesema linatia aibu. Sasa sikiliza, ng'oa tu kwa siku chache. Wageni wakiondoka, rudisha."

Nilimwona Marcel ana akili. Nikamwambia Athanas mbele yake: ng'oa, kazi ni kazi. Akamkaribisha Marcel chai, na kesho yake akaondoka na mchele, manyoya yanapepea.

Aliporudi nilimsikia kabla sijamwona, nikashangaa kwamba kengele hazilii. Halafu lori likatokea kwenye kona. Pembe hazipo. Vioo vimevunjwa, vimebaki vipande vimeng'ang'ania boneti. Sahani zimeng'olewa. Ubavuni, palipokuwa na chui, palikuwa pamepakwa oili chafu kwa fagio, kuanzia mlangoni mpaka nyuma. Lilikuwa kama kuku aliyenyonyolewa akiwa hai.

Siku zote Athanas aliliegesha mbele ya nyumba. Siku hiyo aliliingiza nyuma, karibu na choo. Akanawa, akala. Serafina alipanda magotini kwake kumuuliza chui ameenda wapi, akamshusha taratibu.

Nilingoja mtoto atoke ndipo nikauliza. "Nani?"

"Askari wa geti. Walishusha mchele kwanza, kisha wakaja na mitalimbo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nimeshikwa mikono. Wawili huku, wawili huku."

"Na huyo bwana?"

"Alisimama anavuta kiko. Walipomaliza akaniambia, 'Sasa lori lako lina adabu. Sema asante.'"

"Ukasema?"

Akainama kufungua kamba za viatu. Nikajua kwamba alisema.

Mtu anaweza kudhani nilifurahi, maana lori lilikuwa limerudi kuwa lile nililolisifu siku ya kwanza. Sikufurahi. Mimi nililisema vibaya lori lile kwa haki yangu. Nilimfulia mwenye lori nguo, nilimkanda mgongo akirudi, nililala na harufu ya dizeli. Huyu Pitasoni nani alimwita katika ugomvi wangu na mume wangu? Nani alimwambia anisemee? Na ile asante aliyoichukua kwa nguvu mdomoni mwa mwanamume mtu mzima, ilikuwa ya nini?

"Wageni wanafika lini?" nikauliza.

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi tunapeleka mchele. Na mimi nakwenda."

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Nurjahan, ambaye binti yake Shirin alikuwa ameolewa karibuni. Nilimkuta anapima khanga.

"Mama Shirin, nataka yale mashada yanayong'aa. Yaliyobaki harusini."

"Ya nini, Apolonia? Nani anaolewa kwako?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kukunja khanga polepole mpaka nikafikiri amekasirika. Kisha akaniambia kwamba mume wake aliwahi kupeleka vitambaa kwa Bwana Pitasoni, akasimamishwa juani nje ya mlango wa jikoni tangu asubuhi mpaka mchana, na vitambaa havikununuliwa. Akaingia ndani, akatoka na sanduku zima. Mashada ya dhahabu, ya fedha, ya waridi, na mengine ya kijani ambayo hata harusini hakuthubutu kuyatundika.

"Chukua yote," akasema. "Na akikuuliza, mwambie yametoka kwangu."

Nikashona. Nilitia kebini mapazia ya zambarau yenye marinda ya njano. Nilishona kitambaa chekundu chenye vishada kuzunguka turubai lote, na juu yake nikatundika mashada ya Nurjahan. Jirani yangu Nyamizi, aliyekuwa fundi wa kupamba kuta za nyumba kwa chokaa na udongo mwekundu, alilizunguka lile lori mara mbili akitikisa kichwa.

"Mayu, hii oili haifunikwi na mnyama mmoja," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Nipe lori zima."

Nikampa. Alilitia madoa meupe na mekundu kuanzia bampa mpaka nyuma, kama kanga wa porini. Athanas alikuwa amekwenda kutafuta pembe na kengele nyingine. Aliporudi alisimama uani, pembe begani, mdomo wazi.

"Mama Serafina, hii zambarau na hii njano..."

"Hazipatani. Najua."

"Na haya madoa..."

"Mabaya sana. Shika nyundo."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, na Nyamizi na mikono yake ya chokaa akacheka, ingawa sidhani alijua sisi tunacheka nini.

Jumamosi tulipakia Kagongwa. Wapakiaji walitushangilia. Njia nzima watoto walikimbia nyuma yetu, na wazee wa Kharumwa waliondoka kivulini kuja kuangalia. Mimi sikuketi chini kwenye kiti. Nilivaa gauni langu la Pasaka, nikatoa mkono dirishani.

Geti lilikuwa limefungwa. Askari walipotuona walitazamana, mmoja akakimbia ndani. Alirudi na Bwana Pitasoni mwenyewe, na nyuma yake wageni: wanaume watatu wa suti na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana. Marcel alikuwa pembeni na makaratasi yake, uso umemshuka.

"Nini hii?" Bwana Pitasoni akauliza. "Mimi nasema wewe nini? Toa takataka hii!"

Athanas alizima injini. Nilimwona bado ameshika usukani, nikashuka mimi.

"Bwana," nikasema, "mchele tumeleta, magunia yote yametimia. Hilo ndilo tulilopatana."

"Gari hii mbaya! Mbaya sana!"

"Ni baya. Mimi mwenyewe nimelisema tangu siku ya kwanza, na nitalisema mpaka nizeeke. Lakini hili ni baya letu. Ukitaka mchele, fungua geti. Ukitaka lori la kupendeza, nunua lako."

Sijui alielewa kiasi gani. Askari walielewa. Mmoja aliangalia viatu vyake, mabega yakimtikisika.

Yule mama wa kofia alikuwa amesogea. Alishika vishada vyangu, akagusa madoa ya Nyamizi, akasema maneno kwa Kiingereza huku akipiga makofi. Kisha akatoa kamera. Bwana Pitasoni akabadilika mara moja. Akatabasamu. Akamsemesha Marcel.

Marcel akaja mbio, amefurahi. "Mmepona! Mgeni amelipenda. Anasema linachekesha, hajaona kitu kama hiki. Bwana anasema ingieni, mlizungushe pale mbele ya nyumba yake, wageni wapige picha. Shemeji apande juu acheze kidogo, kisha mshushe mchele. Kazi yenu iko palepale."

Nakiri moyo wangu ulilainika. Geti lilikuwa linafunguliwa. Nikamwangalia Athanas.

Alishuka. Alimwamkia yule mama kwa heshima, akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia:

"Marcel, mwambie hivi. Safari iliyopita walinishika mikono wakavunja. Leo wanataka nicheze. Sikulipamba ili linyanyaswe, wala sikulipamba ili lichekwe na wageni. Hili si ngoma. Ni lori langu la kazi."

"Shemeji, tafadhali..."

"Mwambie. Maneno yote."

Marcel alitafsiri, sauti yake ikizidi kupungua. Yule mama aliteremsha kamera, shingo ikamwiva wekundu. Bwana Pitasoni alisema maneno mafupi ambayo hayakuhitaji mkalimani. Kazi imekwisha.

Athanas akapiga hendeli, injini ikashika, akaligeuza lori palepale kwa nafasi iliyokuwapo. Kengele zote zililia.

Hatukwenda mbali. Chini ya kambi, wake wa wachimbaji walikuwa na soko lao dogo, na siku hiyo walikuwa hawajui watapika nini. Tulifungua turubai. Mchele uliisha kabla jua halijafika magharibi. Jioni Marcel alikuja kwa miguu, akanunua wake, akaondoka bila kuniaga. Ilipita miaka miwili kabla hajaja tena kula kwangu.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Nilishona sare za shule mpaka macho yakauma, na kuna miezi lori lilikaa kwa kukosa tairi. Migodi mingine nayo ilisikia, ikatufungia milango. Athanas akaanza kubeba pamba za wakulima, na abiria wa vijijini ambao malori ya wengine yaliwapita. Lori letu lilionekana kutoka mbali sana. Mtu akiona madoa yale yanakuja kwenye mbuga alikuwa na muda wa kufunga mizigo yake, kumwita mama mkwe na kusogea barabarani. Wale wa kwaya walipanda pia. Walisema ni la mganga, na wakapanda.

Mwaka wa pili Athanas alirudi kutoka Mwanza na kitu kimefungwa kwenye gunia. Akakifungua uani: kichwa cha mamba, kimekaushwa, mdomo wazi, meno yote yapo. Alitaka kukiweka mbele ya rejeta.

"Hapana," nikasema.

"Mama Serafina! Wewe, uliyeshona mapazia yale?"

"Hapana. Hata ubaya una mpaka."

Akasimama na mamba wake mikononi. "Na huo mpaka anauweka nani?"

"Nauweka mimi," nikamjibu, nikaendelea kupiga pasi.