Suti ya Mthobeli

Chooni mwa mahakama, Zanemvula alifunga kifungo cha mwisho cha koti lisilo lake. Mabega yalimpwaya. Mwenye suti, Mthobeli, ambaye hutoboa naye miamba mgodini, alikuwa amebaki na fulana na kaptula. Alimpangusa vumbi mgongoni.

"Gatyeni," alimwita kwa jina la ukoo, "leo hata mama mkwe angekurudishia ng'ombe wako wa mahari."

"Acha utani. Nikitoka tu, vaa. Jina lako linafuata langu."

Kwao walilelewa hivyo: huendi mbele ya mkubwa na matambara.

Kila mwezi kampuni ya mikopo ilimega robo ya mshahara wa Zanemvula kabla hajaugusa. Zaidi ya robo sheria imekataza. Hata hiyo robo, hakimu anaweza kuipunguza ikiwa kinachobaki hakitoshi kula. Ndilo alilokuja kuomba, na Mthobeli vivyo hivyo.

"Mnakula nini nyumbani?" aliuliza wakili wa kampuni ukumbini, kijana wa sauti laini.

"Ugali, bwana. Na kabichi."

"Nyama?"

"Miguu ya kuku. Mwisho wa mwezi."

Kwenye mabenchi mtu alicheka. Zanemvula, ambaye kwa umri angeweza kumzaa wakili yule, alitazama sakafu.

"Mheshimiwa hakimu, njaa gani hii inayovaa sufu? Hebu niambie, mzee. Suti hii ya nani?"

Neno moja lingemwokoa. Lakini nyuma yake alikaa Nosakhele, mkewe, aliyesafiri kwa basi usiku kucha kutoka kijijini. Punde kabla ya kesi kuitwa, alipomwona mlangoni mwa ukumbi, alimgusa koti akatabasamu: "Kumbe huku unajitunza, baba." Zanemvula hakumsahihisha.

"Mzee, umesikia swali?"

"Yangu."

Hakimu aliandika bila kuinua kichwa. "Ombi limekataliwa. Makato yaendelee."

Zanemvula alirudi chooni akavua suti bila kumtazama mwenzake. Alivaa ovaroli yake.

"Wamesemaje?" Mthobeli aliuliza, mguu mmoja ndani ya suruali.

"Wanauliza uliza tu."

"Lakini wanasikiliza?"

"Wanasikiliza."

Karani aliita kutoka ukumbini: "Mthobeli Nkangana!"

Mthobeli aliingiza mikono kwenye koti, bado likiwa na joto la mwenzake. "Haya, niambie ukweli. Nimekaaje?"

Zanemvula alimnyoosha kola. Akampangusa vumbi mgongoni, taratibu, hata pale ambapo hapakuwa na vumbi.

"Umependeza," alisema.