Sauti Iliyopita Mfupani

Shangazi alikuwa na namna yake ya kupokea simu. Hakuiweka sikioni kama watu wengine. Aliibana nyuma ya sikio, pale penye kifupa kigumu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza ukuta, ndipo aseme, "Huduma ya maji, karibu." Wenzake ofisini walimcheka chini chini. Masikio yake yalitoka usaha tangu utotoni, na kila mwaka yalizidi kuziba.

Binti wa kaka yake alikuwa mfagizi wa ofisi hiyo hiyo. Walimwita Kimya, maana angeweza kupiga deki chumba kizima bila kutoa neno. Ila macho yake hayakulala.

Jumatatu, meneja alikuja na sauti ile ya upole inayotangulia habari mbaya.

"Mama, wateja wanalalamika. Wanarudia jambo moja mara tatu. Tafuta kifaa cha kukusaidia, ofisi italipa. Ijumaa saa tatu nitakaa hapa nikuone ukipokea simu. Ikishindikana, nitakuhamishia stoo."

Stoo kulikuwa na mabomba, giza na buibui. Shangazi alikuwa amekaa na sauti za watu miaka kumi na tisa. Wengine aliwajua tangu wanapiga simu wakiwa mabibi harusi mpaka wakawa na watoto wa sekondari.

"Sawa, baba," alijibu, kisha akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kimya alimwona.

Alhamisi dereva wa ofisi aliwapeleka dukani. Simu ya ofisi ilibaki mezani na mtu wa kuishikia zamu, kwa hiyo dereva akatoa yake ya kujaribia.

"Ila msisome ujumbe wangu," alisema. "Mna macho nyie."

Muuzaji alitoa hedifoni zisizo na waya. Ya kwanza ilikuwa ya kuchomeka tunduni. Shangazi aliivaa, akatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa na mito minene ya kufunika sikio lote. Muuzaji akapandisha sauti mpaka dereva, aliyesimama mlangoni, akaanza kufuata wimbo kwa mguu.

"Kelele naipata," Shangazi alisema. "Maneno ndiyo siyaoni. Ni kama nimefunikwa mtungi."

"Basi mama, tatizo si hedifoni," muuzaji alisema taratibu, akaanza kurudisha maboksi.

Kimya alikuwa ameganda mbele ya kabati la kioo. Mle ndani mlikuwa na kitu chembamba kama utepe wa nywele, chenye vidonge viwili bapa na kijimkono cha kipaza sauti.

"Kaka, ile mbona haina pa kuingia sikioni?"

"Ile haiingii. Inakaa juu ya mfupa, hapa mbele ya sikio. Inautetemesha mfupa, sauti inapitia huko huko mpaka ndani."

Kimya akamgeukia Shangazi. "Si ndivyo unavyofanya na simu siku zote? Unapita mfupani."

Muuzaji akaitoa. Kimya alitazama kidole gumba cha muuzaji kikibonyeza kitufe bila kuachia, naye akihesabu kimoyomoyo mpaka saba. Taa ikapepesa nyekundu na buluu kwa zamu. Dereva akagusa jina lililotokea kwenye simu yake, na taa ikatulia buluu.

Kisha muuzaji akamvika Shangazi, akatoka, akavuka barabara, akaipigia simu ya dereva. Wakamwona kwa mbali akifunika mdomo kwa kiganja.

Shangazi alishtuka, akashika meza. Polepole akainua vidole viwili, akaziba masikio yote mawili. Akasimama hivyo hivyo, mdomo wazi.

"Ananiuliza kama nimekunywa chai," alinong'ona. "Jamani. Nimefunga milango yote, na mgeni yumo ndani!"

Kimya alihisi vinyweleo vikimsimama mikononi. Mfupa! Huu huu wa kugongwa na kufungwa bandeji, kumbe nao ulikuwa njia ya maneno, na Shangazi aliijua njia hiyo kabla ya wauzaji.

Ijumaa asubuhi, saa tatu kasoro dakika ishirini, Shangazi alivaa utepe wake. Taa ikatulia buluu mara moja. Lakini kwenye simu ya ofisi jina la hedifoni halikuonekana. Wakazima, wakawasha. Hakuna. Ghafla Shangazi akanyoosha mgongo. Kulikuwa na mlio kichwani mwake. Akabonyeza kitufe.

"Huduma ya maji, karibu."

Akasikiliza. Uso ukambadilika.

"Hapana, dada, mimi si... Dada, mimi ni mtu mzima! Mumeo yuko uani anaosha gari!" Akamtazama Kimya kwa macho makubwa. "Ni mke wa dereva. Anasema nimtoe mumewe nilikomficha, na arudi na unga."

Kimya alitaka kucheka, lakini saa ya ukutani haikucheka. Taa ilitulia kabla hawajagusa chochote: hedifoni ilikuwa imeikumbuka simu ya dereva ya jana, ikaifuata mpaka uani kupitia dirishani. Akakimbia uani.

"Kaka, futa jina la hedifoni kwenye simu yako. Na umpigie mkeo haraka."

"Mke wangu kafanyaje?" Povu lilikuwa mpaka viwikoni.

"Futa kwanza!"

Kimya aliporudi alibonyeza kitufe, akahesabu. Tatu. Nne. Nyayo za meneja zilisikika ukumbini. Sita. Saba. Nyekundu, buluu, nyekundu. Jina likatokea kwenye simu ya ofisi, akaligusa. Taa ikatulia.

Meneja aliingia, akavuta kiti. Simu ikaita.

"Huduma ya maji, karibu." Mikono ya Shangazi ilikuwa mapajani, kichwa hakikuinama. "Ndiyo, kaka. Karibu na shule. Bomba linavuja kidogo?" Akasikiliza, akakunja uso. "Kaka, usiniambie kidogo. Nayasikia maji. Yanapiga bati... Kumbe ni mlango wa duka? Hilo ni bomba kubwa. Waondoe watoto, mafundi wanakuja."

Meneja alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa, akiita mafundi kwa sauti. Kabla hajatoka Shangazi akamuuliza, "Baba, na ile stoo?"

"Stoo ukafanye nini, mama? Nani atanisikilizia mabomba?" Akatoka mbio.

Aliyepiga alisahau kukata. Shangazi naye hakukata. Aliinuka, akatembea mpaka dirishani bila waya wa kumvuta nyuma, akafumba macho.

"Yanaimba," alisema. "Tangu nikiwa mdogo sijasikia maji yakifanya hivi."

Kimya alimsogelea, akaweka sikio lake, sikio zima lisilo na ugonjwa, karibu kabisa na shavu la Shangazi. Hakusikia kitu.