Mbebaji wa Chiriku

Jumanne moja, saa nne asubuhi, afisa ustawi wa jamii alipiga hodi kwa fundi wa sare za shule, kwapani ana faili la kijani. Fundi alikuwa ameuma pini tatu, kwa hiyo alimkaribisha kwa mkono. Mumewe, fundi bomba, alikuwa uani akisugua koki yenye kutu. Chini ya meza ya kukatia vitambaa alikaa mtoto waliyemwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa akipanga vifungo mstari mmoja na kuvigombeza vilivyokaa vibaya.

Afisa alikuwa akija kila mwezi kwa miaka mitatu, tangu yeye mwenyewe alipomleta mtoto huyo, akiwa wa siku tisa. Kila akifika humnyanyua juu kwanza, ndipo aulize habari za nyumbani. Siku hiyo aliinama, akamshika makwapani, akavuta. Mtoto hakubanduka. Akakunja magoti kama wapagazi, akavuta tena. Mkanda wa kiatu chake ukakatika.

"Mtoto amekuwa mzito," alisema.

Fundi alitema pini kiganjani, akamwinua Chiriku kwa mkono mmoja, akampakata ubavuni. "Anakula vizuri," alijibu.

Afisa akaandika kwenye faili: afya njema. Kisha akaketi, akasoma barua aliyokuja nayo. Familia ya kumwasili mtoto, awe wao kisheria, ilikuwa imepatikana. Mume alikuwa daktari wa mifugo, mke mfamasia. Walikuwa wamesubiri miaka minane na walikuwa wamekaguliwa kila kitu, mpaka meno. Walezi wa muda walikuwa wakipewa taarifa ya siku kumi na nne.

Fundi bomba alisimama mlangoni, mikono imejaa kutu. "Na sisi tukiomba?"

"Baba, mlitia sahihi," alisema afisa kwa upole. "Ukurasa wa pili. Kwamba hamtaomba kumwasili mtoto mtakayekabidhiwa."

"Tulitia sahihi kabla hatujamwona."

"Wote hutia sahihi kabla hawajamwona."

"Basi hakimu atuulize tu. Hata dakika tano."

"Hakimu huwauliza wahusika. Nyinyi si wahusika, ni walezi." Afisa alifumba faili. Alikuwa na mafaili mengine kumi na moja wiki hiyo, na usingizi wake haukuwa mzuri. "Mama, nakuelewa. Lakini kumbuka, hukumbeba tumboni."

"Na hao wanaokuja je, walimbeba?"

"Hapana," alisema afisa. "Ila wao wameidhinishwa."

Wiki hiyohiyo walimpeleka Chiriku kliniki, maana faili lilihitaji kipimo kipya. Muuguzi alimtundika kwenye mizani. Fundi alipokuwa amemshika kidole, mshale ulisoma kilo kumi na tatu na nusu. Alipoambiwa amwachie, mshale ulizunguka mpaka mwisho na ndoano ikanyooka kama msumari. Chiriku alitua sakafuni kwa makalio, akauliza kama anaweza kupanda tena. Muuguzi aliandika kilo kumi na tatu na nusu, pembeni akaongeza, "akiwa na mlezi," akaita mtu wa mbele yao kwenye foleni aliyekuwa amerukwa.

Yule daktari wa mifugo na mkewe walikuja Jumamosi. Walikuwa watu wazuri. Fundi alitamani wasiwe. Waliuliza mtoto anaogopa nini, na mwanamke akaandika majibu kwenye daftari. Chiriku aliwapenda kwa sababu walimsikiliza bila kumkatiza. Alitembea nao mpaka kwenye kibaraza, akiwaeleza tabia ya kila kifungo. Alipochoka aliwanyooshea mikono. Daktari, aliyezoea kuinua ndama, alijaribu mara tatu, akaishia kukaa chini akishika kiuno. Mkewe naye akajaribu. Mtoto hakuwa akijikaza wala kununa. Aliwangojea tu, mikono ikiwa juu, kama mtu aliye kituoni. Mwishowe fundi bomba akaja, akambeba begani.

"Sisi tuna ngazi nyumbani," mfamasia alimwambia fundi wa sare, kwa sauti ya chini.

"Ngapi?"

"Kumi na sita."

Fundi alitikisa kichwa.

Siku ya mahakama, fundi na mumewe walikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba. Shauri lilichelewa kwa sababu hakimu alikuwa akisikiliza mgogoro wa mpaka wa ua. Ilipofika saa nane, Chiriku alikuwa amelala mapajani mwa fundi, mdomo wazi. Karani akatoka kumchukua. Alivuta, akamwita mwenzake, wakavuta wote wawili, kisha wakamwita askari wa mlangoni. Mtoto aliendelea kukoroma.

Karani alirudi ndani, akatoka tena. "Mlete wewe," alimwambia fundi. "Lakini huingii kama nani wala nani."

Hakimu aliinua macho. "Huyu ni nani?"

"Mbebaji, mheshimiwa," alisema karani.

"Aandikwe hivyo."

Akaandikwa. Shauri lilichukua muda wa kunywa chai. Ripoti ya afisa ilisomwa, nayo ilieleza kwamba mtoto amekua katika mazingira ya upendo, bila kusema upendo huo ulikuwa wa nani. Mfamasia alijibu maswali yote vizuri. Kuhusu uzito, daktari alisema wataimarisha sakafu ya ghorofani.

"Mheshimiwa," alisema fundi, "naomba kusema kidogo. Akilala huyu…"

"Mbebaji hasemi, mama," hakimu alimjibu, bila ukali wowote. Alikuwa na uso wa mtu ambaye kitanda chake kiko mbali. "Sheria haijampa nafasi. Ningekusikiliza ningekosea."

Akatia sahihi. Miezi sita ya uangalizi, kisha amri kamili. Walezi wa muda wanashukuriwa.

Siku ya makabidhiano, fundi alimweka Chiriku kwenye kiti cha nyuma cha gari. Alipoondoa mkono, gari likashuka mpaka bamba la chini likagusa udongo. Dereva wa ofisi akapiga gia, magurudumu yakazunguka palepale. Baada ya majaribio kadhaa, afisa alimwomba fundi apande ampakate. Kanuni zilikataza mlezi kujua nyumba mpya ilipo, kwa hiyo afisa alimwambia asiangalie dirishani. Fundi akaangalia viatu vyake njia nzima. Fundi bomba alibaki barabarani, ameshika mfuko wa nguo ambao hakuna aliyekumbuka kuuchukua.

Kwa siku tatu Chiriku alilala popote alipopitiwa na usingizi: chini ya ngazi, jikoni, mara moja ndani ya karai la kuogea ambalo maji yake ilibidi yapunguzwe kwa kikombe. Siku ya nne mfamasia alipiga simu ofisini. Ofisi ilitafuta kifungu, ikakipata, ikamwandikia fundi barua, ndani yake ile anwani ambayo hakutakiwa kuijua. Atafika kila siku saa kumi na mbili jioni kama mbebaji. Atapitia mlango wa nyuma. Hataitwa mama. Anaruhusiwa mbebaji mmoja tu.

Kwa hiyo fundi bomba hakwenda. Kila jioni mkewe alipotoka, alimsindikiza mpaka kona, akarudi kukaa kibarazani mpaka aone mkewe anatokea.

Chiriku aliizoea hali hiyo haraka. Siku za kwanza alipomwona fundi alipiga kelele, "Mama!" na mfamasia akageukia sinki, akijifanya hajasikia. Lakini afisa alipokuja ukaguzi alisikia, akakumbusha. Basi mtoto akachukua neno lililokuwepo. "Mbebaji amekuja!" alitangaza kila jioni. "Mbebaji, leo nina mambo mengi." Na fundi alimpandisha zile ngazi kumi na sita huku akisimuliwa yote.

Mwezi wa tatu wa uangalizi, fundi alisimama katikati ya ngazi na mtoto aliyelala begani. Mfamasia alikuwa chini, akitazama kama kawaida.

"Njoo," fundi alimwambia. "Hakuna aliyeniuliza, lakini njoo. Huyu humnyanyui kwa kumvuta. Tanguliza bega, mwache alitafute mwenyewe. Akishalipata atavuta pumzi ndefu. Ndipo unapitisha mkono chini ya magoti."

Mfamasia akajaribu. Uzito haukutoka siku ile. Lakini wiki iliyofuata aliweza kuinua mguu mmoja wa mtoto, kisha miguu yote miwili, kisha kiwiliwili, kichwa kikabaki kizito kama jiwe la kusagia. Fundi alimfundisha na wimbo, ambao haukuwa na maneno, na namna ya kumfuta uso kuanzia kidevuni. Mfamasia aliandika kwenye daftari lake. Jioni nyingine walikaa kwenye ngazi kupumzika, wanawake wawili, mtoto kati yao.

Mwishoni mwa mwezi wa tano, mfamasia alitanguliza bega. Chiriku akalitafuta, akalipata, akavuta pumzi ndefu. Na mfamasia akasimama naye.

Alipanda mpaka juu, akashuka naye tena, kama anayeogopa kumweka chini. Alikuwa analia. "Naweza kuwaambia ofisini bado mzito," alisema. "Uendelee kuja."

Fundi alilifikiria hilo. Alilifikiria muda mrefu kuliko alivyofikiria jambo lolote mwaka ule.

"Umebakiza mwezi mmoja wa uangalizi," alisema hatimaye. "Wakigundua umewadanganya, watamhamisha. Atapelekwa nyumba ya tatu, kwa watu wasiojua habari ya bega. Waambie ukweli."

Chiriku alifumbua jicho moja juu ya bega jipya. "Mbebaji, kesho?"

"Lala," alisema fundi.

Ofisi iliandika barua siku ya pili yake. Huduma ya ubebaji imekoma kwa kuwa mtoto sasa ana uzito wa kawaida. Kwenye nafasi ya uhusiano na mtoto, karani alikuwa amepiga chapa: hakuna. Kuhusu kumtembelea, barua ilisema hakuna kifungu. Walikuwa wamemkosea hata jina la kazi, wakamwita mpagazi.

Lakini hayo yalikuwa ya siku ya pili. Jioni ile fundi alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, mikono ikining'inia. Mumewe alikuwa kibarazani, amekwisha kusogea kumpa nafasi.

"Amelala?"

"Amelala."

"Alikuwa mzito leo?"

"Leo sikumbeba."

"Alibebwa na nani?"

"Na mama yake," alisema fundi, akainama kuvua viatu.