Rola za Trela ya Reino

Barafu ilipoyeyuka ziwani, Verna alimwambia mumewe kwamba anataka kupanda boti mara moja tu kabla hajafa. Aliyasema hayo kama mtu anayeomba kahawa. Reino Kangas akajibu, "Haya," akatoka nje bila koti.

Boti yao ya alumini ilikuwa imelala juu ya trela, uani, tangu Verna alipoanza kuugua. Rola za mpira, zile zinazobeba tumbo la boti ili iteleze kuingia majini, zilikuwa zimekauka na kupasuka. Shafti zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na vishikio vya chuma vimepinda. Reino alipoyaona hayo hakusikitika. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi moyo wake ulipata nafuu. Hapa palikuwa na kitu kinachotengenezeka.

Akahamia chini ya trela. Bolti zilizoganda alizipaka mafuta, zilizokataa akazikata kwa msumeno. Kitanda cha Verna kilikuwa karibu na dirisha la uani, na binti yao, Karin, alikuwa amekuja kumuuguza.

"We mzee," Verna aliita siku moja, sauti ikimkatika. "Ulinioa mimi au ulioa trela?"

"Trela hainisemi," Reino akajibu kutoka chini.

Verna akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilipotulia akasema, "Njoo ukae na mimi. Hiyo boti haikimbii."

"Namalizia nati hii tu, nakuja."

Nati ikazaa nati nyingine. Alipoingia ndani, Verna alikuwa amelala.

Jumamosi akafunga rola mpya, nazo zikalegea na kuchezacheza. Shafti alizonunua zilikuwa nyembamba mno. Akachukua ufunguo wa gari.

"Baba, si uende Jumatatu?" Karin alimwambia mlangoni. "Leo hayuko vizuri."

"Nikizipata leo, kesho tunamtoa. Nitambeba mwenyewe."

Dukani mjini, Bonnie, mwenye duka, alimbadilishia shafti mara moja, pamoja na washa na pini zake. Reino angeweza kuondoka papo hapo. Lakini Bonnie alimmiminia kahawa na kumkatia mkate wa iliki, naye akakaa.

"Verna anaendeleaje?"

"Yupo."

Akauliza habari za grisi, ingawa nyumbani alikuwa nayo tele. Akazikagua winchi za kuvutia boti ambazo hakuzihitaji. Akakubali kikombe cha pili. Alijua kabisa anachokifanya. Nyumbani kulikuwa na kiti kando ya kitanda, na juu ya blanketi mikono ya Verna iliyobaki mifupa, na yeye hakuwa na spana ya kazi hiyo.

Aliporudi alimkuta Karin amekaa kwenye ngazi ya mlango. Nyundo ilikuwa mapajani mwake.

"Amekwenda, baba."

Reino alisimama, shafti zimo ndani ya mfuko wa karatasi.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza, 'Baba yako bado yuko chini ya trela?' Nikamwambia ndiyo." Karin akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Akasema hasikii kitu. Basi nikatoka, nikagongagonga vile vyuma. Niliporudi alikuwa anatabasamu. Akasema, 'Mzee huyo, hachoki.' Akafumba macho."

Reino aliuweka mfuko chini. Akaketi kwenye ngazi, na binti yake akamshika bega, wakalia wote wawili, hata jirani aliyekuwa akipita na mbwa wake akageuza njia.

Baada ya maziko alizifunga zile shafti. Karin hakumzuia. Juma lililofuata wakaivuta trela hadi ziwani, Reino akairudisha nyuma mpaka magurudumu yakazama, akafungua winchi. Boti ikateleza juu ya rola bila kusukumwa, bila kelele, ikaelea.

"Panda, baba," Karin alisema. "Mimi nitashika kamba."

Reino alitia mguu mmoja majini, baridi ikampanda mpaka gotini. Akaitazama ile benchi ya mbele alipokuwa akikaa Verna.

"Siwezi, mwanangu."

Hawakubishana. Karin akazungusha winchi, na boti ikapanda tena kirahisi vile vile, huku Reino amesimama majini, kiganja chake kikiifuata ubavuni mpaka ilipotoka yote.