Sarafu Kumi na Moja za Zein

Fundi wa bomba alipovunja sakafu ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, alitoa sarafu kumi na moja za shaba, zimeganda kutu ya kijani. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale akamwambia ndugu yangu mdogo, Zein, "Zisafishe. Maandishi yakisomeka, nitakuajiri karakanani kwangu."

Zein ana miaka arobaini na moja na hajawahi kuajiriwa na mtu.

Miezi miwili akazilea kama vichanga. Aliziloweka kwenye maji safi ya kutilia betri za gari, maana maji ya kisima yana chumvi, na chumvi ndiyo inayoilisha ile kutu. Kila asubuhi hubadilisha maji, kisha hukwangua kwa mwiba wa mdimu, chembe kwa chembe. Herufi zikaanza kutokeza.

Mimi nami habari hainilali tumboni. Siku mbili kabla ya Idi, wanawake walijaa uani kwangu kusugua masinia na madele ya kahawa. Nikazileta zile sarafu wazione.

"Ndizo hizi?" Bi Ummukulthum, jirani yangu, akacheka. "Miezi miwili mwanamume mzima aogesha senti! Shaba yataka ukwaju na jivu, Mahfudha. Hujafunzwa na mamako?"

"Zein atanigombeza."

"Ala! Wamwogopa mdogo wako?"

Wakaangua kicheko. Mimi kuchekwa kwangu sikuwezi. Nikazimwaga zote kwenye beseni la ukwaju, nikasugua kwa jivu mpaka zikang'aa kama pete za arusi. Vigelegele vikapigwa.

Adhuhuri Zein akarudi. Akaokota moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Laini huku, laini huku, herufi hakuna.

"Nani, dada?"

Nikamnyooshea kidole Bi Ummukulthum.

"Mkono wangu haukugusa, mwanangu," akasema, na alisema kweli.

Baada ya Idi mtaalamu alikuja. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, nikamsikia akiuliza, "Nani aliyefanya hivi?"

"Ni mimi," Zein akajibu. "Niliona nachelewa, nikatia ukwaju."

"Basi kazi hii si yako, bwana."

"Naam."

Nilijua ni wakati wa kutoka niseme. Nikatoka. Nikawamiminia kahawa, nikamuuliza mgeni kama ataongeza haluwa.